Bani la Fundi na Mbegu za Majirani

Fundi hakuvuta tumbaku wala hakunusa ugoro. Akipita karibu na mzee aliyefungua kopo lake la ugoro, alipiga chafya mfululizo mpaka machozi yakamtoka, na watu wakamcheka kwamba huyu ndiye mpishi asiyeonja chungu chake. Yeye aliwajibu, "Na mkunga je, lazima naye awe na mimba?" Kisha akarudi kwenye moto wake wa kukaushia tumbaku.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo rahisi. Nikiulizwa habari za Fundi, mdomo wangu hukimbilia vichekesho. Lakini huyu ndiye mtu ambaye kwa kosa lake mama yangu alifukuzwa kwa mumewe, akaishi kwa kaka yake kama mgeni asiyejua ataondoka lini. Nami nilimpenda Fundi. Nilimpenda kabla sijajua, na nilipojua sikuweza kuacha. Kila nikimkumbuka kwa wema naona kama nimechukua kitu katika nyumba ya mama bila ruhusa yake.

Tulikaa upande wa Msalato, enzi za Mwingereza, tembe zetu zimesogeleana kiasi kwamba mtu akikohoa kwake, jirani humpa pole bila kutoka nje. Fundi alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa walowezi wa Iringa, kwenye mashamba ya tumbaku. Aliporudi alikuja na vitu viwili: koti la mvua, ambalo kwetu Ugogo lilikuwa kichekesho cha kutosha, na neno "bani". Bani ni nyumba ndogo ya kukaushia tumbaku kwa moto. Sisi majani yetu tuliyaanika kivulini, tukayatwanga, tukayafinyanga kuwa mikate myeusi ya kusagia ugoro, na hakuna aliyelalamika. Fundi aliitazama mikate ile akatikisa kichwa. Alisema tunaizika tumbaku kabla haijafa.

Bani lake la kwanza alilijenga kama alivyojua kujenga, yaani kama tembe: kuta za udongo, fito juu, nyasi, na udongo tena juu ya nyasi. Kilichokuwa kigeni ni bomba. Aliokota mapipa matupu ya lami yaliyoachwa na watengeneza barabara, akayapasua, akayakunja kwa nyundo na matusi, akayaunganisha yakawa bomba refu lililopita sakafuni. Moto uliwashwa nje, kwenye mdomo wa tanuri, moshi ukapita ndani ya bomba na kutokea ukuta wa pili, na majani yaliyoning'inia juu yakapata joto tupu bila moshi. Siku ya kwanza jani moja lilidondoka juu ya bomba likashika moto, na majani yote yakafuata. Fundi alitoka humo hana nyusi. Mkewe alimtazama kwa muda, akamuuliza kama amemaliza. Fundi akasema, "Angalau yamekauka."

Alijenga la pili, likapinda. La tatu lilivuja mvua. La nne ndilo lililosimama, na alilijenga ubavuni mwa tembe yake, likitumia ukuta mmoja na chumba alicholazia tumbaku iliyokwisha kukauka. Maana kwa Fundi kukausha ni nusu ya kazi. Jani likitoka kwenye moto lilikuwa linavunjika kama ganda la yai, kwa hiyo alifungua mlango wa bani uingie ubaridi wa alfajiri, lilainike, kisha akalifunga mafungu, akayazungushia ngozi za ng'ombe, akayakandamiza kwa mawe na kuyaacha miezi. "Tumbaku ikilala ndipo inapata akili," alipenda kusema. Maneno hayo aliyatumia pia kwa watoto wakorofi na kwa wanaume waliooa jana.

Kipimajoto hakuwa nacho. Aliweka shavu ukutani, akafumba macho, akasema ongeza gogo au ondoa gogo. Moto wa kwanza aliutaka mdogo, jani ligeuke manjano polepole. Mtu akiharakisha, jani linakauka na ukijani wake, na tumbaku ya namna hiyo hainunuliwi hata na kichaa. "Jani halitaki kulazimishwa," alisema, "linataka kubembelezwa, halafu ndipo ulikaripie." Sisi wanawake tulimwambia anaongea habari za majani kuliko anavyoongea na mkewe. Mkewe alisema ndivyo, na anashukuru.

Kazini alikuwa mkali, sina budi kusema. Tulikaa chini tukitunga majani kwenye fito kwa kamba ya katani, na kama majani yamelaliana aliifumua fito nzima mbele yako bila neno. Binti mmoja alilia. Jioni hiyo hiyo Fundi alimpelekea mama yake chumvi na kitambaa cha kanga kutoka dukani kwa Mhindi mjini, akadai ati kimezidi. Hicho kitambaa hakikuzidi popote. Ndivyo alivyokuwa, mkono mmoja unafinya na wa pili unapuliza.

Tumbaku yake ya manjano waliipenda watu wa mjini, Waswahili wa zile familia za kale zilizokuja na misafara, na wafanyakazi wa reli waliosokota sigara zao wenyewe. Wazee wetu waliidharau. Jirani yetu mmoja, mzee ambaye pua yake ilikuwa imezoea moto, aliijaribu akasubiri chafya, haikuja. "Tumbaku gani hii isiyompiga mtu? Inanukia asali!" Fundi akamwambia, "Mzee wangu, ukitaka kupigwa, oa mke wa pili." Mzee alicheka mpaka akapaliwa, na tangu siku hiyo alikuwa mteja, ingawa mbele za watu aliendelea kuitukana.

Sasa nifike kwenye ule ukuta.

Kwetu mbegu ya uwele haiwekwi ovyo. Masuke mazuri huchaguliwa shambani, hufungwa mafungu na kutundikwa juu ya jiko, ili moshi na joto viwazuie wadudu mpaka mvua ije. Kila mwanamke ana jiko lake na mbegu yake. Lakini majirani walipoingia katika kile chumba cha kulazia tumbaku, wakagusa ukuta, wakakuta una uvuguvugu mchana na usiku, tena hauna masizi, wakaona hapa ndipo mahali pa mbegu. Walimwomba Fundi. Naye kuombwa ndiko kulikokuwa udhaifu wake. Hakujua kusema hapana kwa mtu aliyemwomba kwa upole. Mwaka wa kwanza tulitundika humo na mbegu iliota vizuri kupita miaka yote. Mwaka wa pili nyumba zote za pale kwetu zilileta masuke. Aliyekataa ni mmoja tu, mke wa Fundi mwenyewe. Alisema, "Mbegu yangu imezoea moshi wangu," akaiacha juu ya jiko lake.

Mwaka huo wa pili tumbaku ilizaa mno. Bani halikutosha. Fundi aliona majani mabichi yanaharibika nje, akapata wazo ambalo lingempata mtu yeyote mwenye akili na haraka: alitoboa tundu kubwa katika ule ukuta, joto la bani liingie chumbani, chumba nacho kiwe bani la pili. Kiangazi chote chumba kile kilipikwa pamoja na masuke yetu. Aliyasogeza tu kwenye kona. Watu walipoingia wakatokwa jasho walifurahi. Walisema safari hii hakuna mdudu atakayethubutu.

Na hapa lazima nieleze desturi, vinginevyo kilichompata mama hakitaeleweka. Kwetu hakuna aliyepanda kabla mbegu haijachanganywa na dawa kutoka kwa mtemi, mwenye mvua na ardhi. Kila kundi la nyumba lilimchagua mwanamke mmoja wa kuichanganya kwa niaba ya wote. Tangu anapopokea dawa mpaka mbegu ya mwisho ifukiwe, mwanamke huyo hamkaribii mwanamume, hata mumewe; akivunja mwiko huo, mbegu haioti. Mwaka ule alichaguliwa mama. Alifurahi. Alinyoa nywele, akalala nasi mabinti upande wetu wa tembe, akatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani hata alipokuwa hana kitu.

Mvua ikaja mapema na vizuri. Tukapanda. Mashamba yakakaa kimya.

Tulifukua, tukakuta punje zimevimba na kuoza. Nyumba hii, nyumba ile, kote hivyo. Zilipoisha siku za kusubiri, watu hawakutazama ukuta wa mtu yeyote, walimtazama mama. Na kwa kuwa baba alijua yeye mwenyewe hakumgusa, ilibaki kwamba amemgusa mwingine. Hakuna aliyetaja jina la huyo mwingine, hakukuwa na haja. Mama alisema tu, "Sikufanya." Alilisema hilo mbele ya baraza zima, akalirudia kwa baba peke yake. Baba hakumpiga. Alimtolea nje kinu chake na vyungu vyake, akavipanga vizuri ukutani, na mjomba akaja kumchukua kumpeleka kwao Mvumi. Sisi watoto tulibaki, maana ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa na sisi tulikuwa wa baba.

Katika baraza lile Fundi alikuwepo, amesimama nyuma. Nilimwona akivua kofia yake. Nikadhani anataka kusema. Akaivaa tena.

Alijua. Shamba la mkewe liliota lote, limesimama kijani katikati ya mashamba yetu matupu, na mbegu ile ilikuwa imechanganywa na dawa ile ile, kwa mikono ile ile ya mama. Kilichotofautiana ni kwamba haikukaa ukutani. Mtu aliyekausha majani maisha yake yote hawezi kushindwa kuona hilo. Majirani waliona kijani kile wakasema Mungu anawajua watu wake, Fundi analipwa kwa huruma zake. Yeye alibomoa bani akalijenga upya ng'ambo ya korongo, mbali na nyumba zote, na watu wakasema tazama, anaogopa moto usije ukatuunguza.

Njaa ya mwaka ule aliipunguza yeye. Uwele wake aliugawa kwa vibaba nyumba kwa nyumba, na tumbaku yote aliiuza mjini akarudi na mahindi. Kwetu alileta zaidi ya kwingine. Ukimshukuru alikasirika kweli kweli. "Usinishukuru," alisema, na kama uliendelea aliondoka na kukuacha na maneno yako mdomoni. Tulidhani ni unyenyekevu. Jina la wema wake likakua, likavuka mpaka Chamwino, na kadiri lilivyokua ndivyo alivyozidi kukaa ng'ambo ya korongo peke yake.

Mimi alinilea kwa namna ya jirani. Alinifundisha kumjibu mtu kwa mzaha nikiwa na uchungu. Nilipoolewa alileta mbuzi wawili na blanketi, nilipojifungua alikuja kabla ya wifi zangu. Kila tulipokutana, baada ya shikamoo na marahaba, aliuliza, "Mama yako mzima?" na hakuwahi kusubiri jibu. Alikuwa amekwisha kugeukia kitu kingine, kamba, gogo, mbwa anayepita. Hilo sikulitilia maanani mpaka baadaye, na sasa ndilo ninalolisikia kuliko vichekesho vyake vyote.

Miaka ilipita, nikawa mama wa watoto wanne. Siku moja nilimwambia nakwenda Mvumi, macho ya mama yameanza kumsumbua na anatibiwa huko. Safari hii alisubiri jibu lote. Kisha akasema, "Nitakusindikiza, mwanangu." Nilidhani ni wema ule ule. Njiani hakumtania hata dereva wa lori, na huyo dereva alikuwa Mhehe, mtani wetu, aliyekuwa akimchokoza njia nzima.

Mama alikuwa amekaa nje kwa mjomba akichambua mlenda kwa vidole. Alimtambua kwa sauti.

"Karibu, shemeji. Mbona mbali?"

Fundi hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Alikaa chini, akasema yote kama nilivyoyaeleza mimi hapa: tundu, joto, masuke kwenye kona, shamba la mkewe, na kofia. Hakujitetea. Alipofika kwenye baraza ilimbidi aanze upya. Nilimsikiliza nikiwa nimeshika mkono wa mama, na nilitaka kumpiga yule mzee, na nilitaka kumfuta machozi, yote mawili kwa wakati mmoja. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Alipomaliza mama akauliza, "Umekuja kuniambia mimi?"

"Ndiyo, shemeji. Nisamehe."

"Mimi nilikuwa najua kwamba sikufanya," mama akasema. "Hukuniletea habari mpya. Nenda ukawaambie wasiojua."

"Wengi wamekufa, shemeji."

"Mume wangu amekufa?"

"Hajafa."

"Basi." Akarudia mlenda wake. Hakumfukuza. Alimpa chakula, akamwelekeza mahali pa kulala, akamuuliza habari za mkewe. Lakini neno la msamaha hakulitoa, na Fundi hakuliomba tena.

Tulirudi. Mimi nilikwenda kwa mume wangu, nikashikwa na mtoto mgonjwa na mavuno, na ilikuwa kiangazi nilipofika tena kwa baba. Sikuingia kwanza nyumbani, nilivuka korongo moja kwa moja. Nilimkuta Fundi amekaa mlangoni mwa bani. Moto haukuwashwa. Ndani fito zilikuwa tupu, na majani aliyokuwa ameyachuma yamelala nje yameshaungua na jua. Pembeni yake palikuwa na kibuyu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nimewaambia."

Nikakaa. Alisema aliomba wazee wakutane kwa baba, wakakutana. Aliwaeleza kila kitu. Aliwapeleka hata mahali ukuta ule ulipokuwa, akawaonyesha tundu lilikuwa wapi, lilikuwa kubwa kiasi gani, na kona yalipowekwa masuke. Walimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Baba yangu akasemaje?"

"Alinishika mkono." Fundi aliutazama mkono wenyewe. "Akasema, 'Fundi, umetubebea mengi. Hata hili nalo unataka kutubebea?'"

Sikuelewa mara moja. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Walimshukuru. Walisema hakuna mtu mwingine katika nchi nzima ambaye angechukua lawama ya mwanamke wa watu ili kumsafishia jina uzeeni. Mzee mmoja alilia. Wao wenyewe waliyaleta masuke yao kwenye ukuta ule, waliugusa kwa viganja vyao wakafurahi, nani kati yao angekubali kwamba walimfukuza mtu bure? Ilikuwa rahisi kuamini kwamba Fundi ni mwema. Walikuwa wamekwisha kuliamini hilo siku nyingi.

"Warudie," nikasema. "Twende wote, mimi nitasimama nawe."

"Nimerudia. Nimewaapia. Mara ya pili wameniletea maziwa." Akakisogeza kile kibuyu kwangu kwa mguu. Kilikuwa cha nyumbani kwetu, kimejaa, hakijaguswa, na maziwa yalikuwa yameshaganda. "Mama yako nitamwambia nini?"

Nilikwenda kwa baba jioni ile nikasema niliyoweza. Alinisikiliza, akaniambia damu ni nzito, mtoto humtetea mama yake na ndivyo inavyopasa. Aliniagiza nimsalimie.

Fundi hakuiona masika iliyofuata. Mvumi nilikwenda mimi, nikamwambia mama yote bila kuficha, baraza, ukuta, mkono ulioshikwa, kiapo, hata yale maziwa. Macho yake wakati huo yalikuwa yamefunga kabisa. Alinigeuzia uso akauliza swali moja tu.

"Yalikuwa ya ng'ombe wa nani?"

Nikamwambia, wa baba.